Kupe, Nanasi na Kimeng'enya Kisichohitaji Kitu

Kupe jike akishapandwa hukwea kijiti, akashika ncha yake na kungoja. Hana macho. Anaweza kungoja muda mrefu sana bila kula chochote. Mnyama wa damu moto akipita chini yake, ngozi ya mnyama yule hutoa harufu ya asidi butiriki, na kwa kupe harufu hiyo ndiyo ruhusa ya kujiachia. Akiangukia penye joto, amefika. Atapapasa hadi apate mahali pasipo na manyoya, azamishe mdomo, anyonye damu, atage mayai, afe. Hivi ndivyo Jakob von Uexküll, mwanabayolojia mzaliwa wa Estonia, alivyomweleza kupe katika kitabu chake cha mwaka 1934. Alitaka tuone kwamba kila kiumbe huishi ndani ya dunia yake mwenyewe. Dunia ya kupe haina mawingu, wala sauti za ndege, wala kijani cha majani. Ina harufu moja, joto, na mguso wa manyoya, basi. Mfugaji anayeogesha ng'ombe wake kwa hofu ya ugonjwa wa ndigana hana sababu ya kumpenda mdudu huyu, lakini naamini hata yeye angekubali kwamba kupe anajua anachokitaka.

Nimemtanguliza kupe kwa sababu ya asidi ile. Sisi binadamu tunaijua kwa sura nyingine: ndiyo harufu ya siagi iliyochacha, na imo katika matapishi. Mkemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, aliitenga kutoka kwenye siagi mwanzoni mwa karne ya 19. Ukifungua kichupa chake maabarani, kichwa hugeuka chenyewe kabla hujaamua kukigeuza, na tone moja likidondokea kwenye mkono wa koti utarudi nalo nyumbani. Sasa ichukue asidi hiyo hiyo, iunganishe na ethanoli, yaani kileo kilichomo katika kila pombe, na katika kuungana kwao itoke molekuli moja ya maji. Kinachobaki ni esta iitwayo ethili butirati. Fungua kichupa chake: nanasi. Si nanasi kamili, kwa maana nanasi la kweli lina harufu nyingi zilizosukana, na esta hii ni mojawapo tu, tena imo pia katika machungwa na maembe. Lakini ni nanasi la kutosha kumfanya mtu ameze mate.

Kutoka kwenye kinyaa hadi kwenye hamu, basi, ni kileo kidogo kuingia na maji kidogo kutoka. Nanasi hilo lilikuwa wapi kabla ya hapo? Halikuwamo katika asidi, halikuwamo katika kileo. Na kupe, ambaye kwa asidi ile angejitupa kutoka juu ya kijiti, mbele ya esta hii hana habari. Nimekuwa nikilirudia swali hili kwa muda mrefu, na kilichonifungulia njia ni kutazama kwa makini kile kinachofanya kazi ya kuunganisha.

Viwandani kuna njia mbili za kutengeneza esta za peremende, mtindi, biskuti na vinywaji. Ya kwanza ni kuchemsha asidi na kileo pamoja na asidi kali, kwa mfano ile ya salfa. Emil Fischer na Arthur Speier waliieleza mwaka 1895, na mpaka leo wanafunzi wa kemia huifanya darasani. Ya pili ni kukiachia kazi kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) kilichotengenezwa na kijidudu. Mara nyingi huwa ni lipasi.

Kwa yeyote aliyesoma bayolojia ya sekondari, lipasi ni mvunjaji wa mafuta. Kuvu na bakteria huzimwaga lipasi nje ya miili yao ili ziyakate mafuta wasiyoweza kuyaingiza yakiwa mazima, kisha hufyonza vipande. Siagi au maziwa yakianza kunuka vibaya, mara nyingi lipasi zimeshaikata asidi butiriki kutoka kwenye mafuta ya maziwa, zikaiachia hewani. Na lipasi hizo hizo, katika tangi la kiwanda, hupewa asidi hiyo hiyo zikaifunga kwenye kileo mpaka ikanukia tunda.

Kinachoamua ni maji. Ndani ya lipasi mna mfuko mdogo, na kwenye mfuko huo mna asidi amino moja iitwayo serini, ikisaidiwa na nyingine mbili zilizo jirani. Serini huushika upande wa asidi wa molekuli iliyoingia, ikabaki nao kwa kitambo kifupi mno. Kisha huja mgeni. Akija maji, hupewa asidi ile, na kilichokuwa mafuta kimevunjika. Akija kileo, hupewa asidi ile ile kwa namna ile ile, na esta imezaliwa. Kimeng'enya hakichagui. Kina mlango mmoja, na anayetangulia kuingia ndiye anayechukua. Duniani maji ni mengi kuliko kileo, kwa hiyo tumezoea kumwona lipasi akivunja. Yapunguze maji, naye atajenga siku nzima.

Joseph Kastle na Arthur Loevenhart walilionyesha hili huko Kentucky, Marekani, mwaka 1900. Walichukua dondoo la kongosho, ambalo kazi yake mwilini ni kusaga mafuta, wakalipa asidi butiriki na ethanoli, na likawatengenezea ethili butirati. Ilikuwa lipasi ya mnyama, si ya kijidudu, lakini kanuni ni moja. Ilichukua miaka mingi kabla jambo hilo halijashika kasi, kwa kuwa wengi waliamini kimeng'enya bila maji mengi ni maiti. Mwaka 1984 Aleksey Zaks na Alexander Klibanov, katika chuo cha MIT, walionyesha kwamba lipasi ikiwekwa ndani ya viyeyushi visivyo vya maji huendelea na kazi hata kwenye nyuzi 100 za sentigredi. Ukiiweka ndani ya maji kwenye joto hilo, inakufa mara moja.

Fischer yule yule wa njia ya asidi, mwaka mmoja kabla ya kuieleza njia hiyo, yaani 1894, ndiye aliyetuachia mfano uliotawala fikra zetu juu ya vimeng'enya: kufuli na ufunguo. Kimeng'enya na kile kinachokishughulikia, alisema, lazima vikubaliane kwa umbo kama viwili hivyo. Ni mfano mzuri kwa habari ya umbo, na umewasaidia walimu wengi. Lakini umeingiza kitu ambacho Fischer hakukikusudia. Kufuli lina mwenyewe. Limewekwa kwa sababu kuna kitu ndani kinacholindwa na mtu nje anayehofiwa. Aliyelichonga alijua ni la nini. Tukisema lipasi ni kufuli, bila kujua tumeshasema kwamba ina kusudi, na tukishasema hivyo tunaanza kuulizana kama kusudi hilo ni kuvunja au kujenga. Hapo tumepotea, kwa sababu jibu la swali hilo halimo ndani ya kufuli.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa kweli na unatoka mbali. Katika Bara la Antaktika kuna ziwa liitwalo Vanda, kwenye bonde kavu la Wright. Juu yake pana barafu isiyoyeyuka yote, na chini kabisa maji ni ya chumvi kali yenye uvuguvugu wa zaidi ya nyuzi 20. Kutoka huko watafiti wa Japani walileta hamira ambayo waliieleza kitaalamu mwaka 1969. Imebadilishwa jina mara kadhaa; wengi bado wanaijua kama Candida antarctica. Miongoni mwa lipasi zake iko moja inayoitwa B, mnyororo wa asidi amino 317, na serini yake iliyo kazini ni ya 105. Umbo lake lilichorwa kwa miale ya eksirei na kuchapishwa mwaka 1994. Leo lipasi hii haitengenezwi na hamira ile. Jeni lake limehamishiwa kwenye kuvu Aspergillus oryzae, lile ambalo Wajapani wametumia kwa karne nyingi kutengenezea sosi ya soya na sake. Kuvu hilo huimwaga lipasi kwa wingi, nayo hukamatishwa kwenye chembe ndogo za plastiki, nyeupe, kila moja ikiwa ndogo kuliko milimita moja. Chembe hizo hutiwa ndani ya mtungi wa chuma. Asidi na kileo hupitishwa juu yake katika nyuzi 60 au zaidi, maji yanayotoka huondolewa, na esta hukusanywa upande wa pili. Chembe huchujwa na kutumiwa tena na tena, mpaka siku zitakapochoka.

Zishike chembe hizo kiganjani uwaze. Hamira haipo. Ziwa halipo. Mafuta hayapo, na hakuna mwenye njaa ya mafuta. Protini iliyotoka kwenye tope la barafuni imegandishwa kwenye plastiki, inafanya kazi kwenye joto ambalo lingemuua mzazi wake, inaunganisha badala ya kukata, na inafanya hivyo vizuri kuliko karibu kitu chochote tunachokijua. Je, imenyang'anywa kusudi lake? Imepewa jingine? Au tumegundua kwamba haikuwa nalo tangu mwanzo?

Aristotle alifundisha kwamba hujakijua kitu mpaka ujue ni kwa ajili ya nini. Akili yangu inapenda kumfuata. Lakini chembe zile zinanilazimisha kutenganisha mambo mawili ambayo tumezoea kuyachanganya: uwezo na kusudi. Lipasi ina uwezo, na uwezo huo inao popote ilipo, barafuni au mtungini. Kusudi halikuwahi kuwa lake. Lilikuwa la hamira. Hamira ndiyo iliyohitaji mafuta yale. Isingeyapata ingedhoofika, na isingepata chakula kabisa ingekufa. Hans Jonas, mwanafalsafa wa Kiyahudi mzaliwa wa Ujerumani, alilieleza jambo hili kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1966: kiumbe hai, hata kikiwa seli moja, hakiwezi kubaki kilivyo bila kupokea kitu kutoka nje kila wakati, na kwa hiyo kwake kuna jambo linaloweza kwenda vizuri au vibaya. Jiwe halina hilo. Lipasi haina hilo. Ukiipa maji, itavunja; ukiinyima, itajenga; ukiikausha, itakaa. Katika yote matatu haijakosa kitu.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mtu atasema: lipasi haikutokea tu. Vizazi kwa vizazi vya hamira vimechujwa, zile zenye lipasi dhaifu zikashindwa, zenye lipasi imara zikazaana, kwa hiyo kusudi limeandikwa ndani ya umbo lenyewe. Nakubali sehemu ya kwanza yote. Umbo la mfuko ule ni alama iliyoachwa na njaa ya viumbe wasiohesabika. Lakini alama ya njaa si njaa. Nyayo kwenye mchanga zinatuambia mtu alikuwa na safari. Nyayo zenyewe hazina pa kwenda.

Na hapa ndipo nanasi linapopatikana. Maana ya harufu haikai ndani ya molekuli wala ndani ya kimeng'enya kilichoiunda. Huanza pale anapokuwepo mhitaji. Molekuli ndogo inayonukia ndizi, isoamili asetati, inalionyesha vizuri kuliko nyingine zote. Mwaka 1962 watafiti nchini Canada walitangaza kwamba nyuki wa asali anapouma, mwiba wake huachia isoamili asetati. Kwa nyuki wenzake ile ni mbiu ya hatari: njooni, adui yuko hapa. Ndiyo sababu wafugaji wa nyuki huambiwa wasiende mzingani wakiwa wametoka kula ndizi. Hamira inayochachusha pombe hutoa esta hiyo hiyo, na mwaka 2014 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha jaribio zuri sana: walipoizima jeni moja inayosimamia utengenezaji wa esta hizi, nzi wadogo wa matunda hawakuvutiwa tena na hamira kama mwanzo. Hamira haina miguu. Nzi akivutiwa nayo, huibeba mpaka kwenye tunda jingine. Mgomba nao hutengeneza esta hiyo katika ndizi yake inayoiva, na mtoto anayepita penye kikapu cha ndizi za kisukari anageuka kuangalia.

Ni kaboni 7, hidrojeni 14 na oksijeni 2, zilizopangwa kwa namna moja. Nyuki analisikia hapo jeshi, nzi anasikia mlo, hamira, kama tunaweza kusema hivyo, inapata usafiri, mtoto anasikia tamu. Wote hao wanaweza kufa njaa, au kuvamiwa, au kukosa walichokitamani. Kwa hiyo kwao harufu ile inasema kitu. Mtungi wa chuma unaweza kujaa esta hiyo mpaka juu na ndani yake pasiwe na habari yoyote.

Wapo watakaoona hitimisho hili linatia baridi. Mimi linanipa faraja. Watu wengi siku hizi husoma sayansi ya molekuli na kutoka na wazo kwamba upendo ni kemikali, njaa ni kemikali, na kwamba maana ni kitu tulichojitungia ili tusiogope. Lipasi ya Ziwa Vanda inanionyesha mambo kwa upande mwingine. Kemia inaweza kuwepo yote, kamili, na maana isiwepo; kwa hiyo maana si jina jingine la kemia. Imeanza na uhitaji, nao ni wa zamani sana, wa tangu seli ya kwanza iliyokosa chakula. Sisi tumeurithi, hatukuutunga.

Kuna mahali ambapo jambo hili linatoka kwenye falsafa na kuingia dukani. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1334 ya mwaka 2008 inaruhusu kionjo kuitwa asilia kikipatikana kwa njia kama kukamua na kukeneka, au kwa vimeng'enya, au kwa vijidudu, kutoka kwenye malighafi ya mimea, wanyama au vijidudu, mradi molekuli yenyewe ipo katika maumbile. Kwa hiyo asidi butiriki iliyotengenezwa na bakteria wa Clostridium, wa jamii ile ambayo Louis Pasteur mwaka 1861 aliigundua ikiishi bila hewa, ikiungana na ethanoli ya hamira iliyokula sukari ya miwa, kwa mkono wa lipasi ya kuvu, ni ladha asilia. Vijidudu vitatu, na hakuna hata kimoja kilichowahi kukutana na nanasi. Chukua asidi ile ile na ethanoli ile ile, uziunganishe kwa asidi ya salfa, na sheria haitaziita asilia tena. Weka matone mawili hayo mezani. Harufu ni moja, uzito ni mmoja. Kipimo cha kaboni 14, ambacho hubaini esta iliyotokana na petroli kwa sababu kaboni hiyo imeshakwisha ndani ya petroli, hapa hakitasaidia, kwa kuwa matone yote mawili yametokana na mimea ya juzi. Tofauti ya matone haya haiko ndani ya matone.

Sisemi kwamba kwa sababu hiyo tofauti ni ya uongo. Kanga ya marehemu bibi na kanga mpya ya mchoro ule ule kutoka dukani hazitofautiani kwa nyuzi, na hakuna mjukuu atakayekubali kubadilishana. Historia ya kitu ni kweli hata kama haiachi alama. Sheria imefanya vizuri kuuliza kitu kimetoka wapi. Kinachonisumbua ni kwamba mnunuzi anaposoma neno asilia hahitaji habari za kichocheo kilichotumika. Anachohitaji ni ukaribu na shamba: na mvua, na udongo, na mkulima wa kijiji cha Kiwangwa, Tanzania, anayekata mananasi asubuhi. Uhitaji huo ni wa heshima. Neno lile linauitikia kwa kumpa mtungi wa chuma, na kwa mujibu wa sheria halijasema uongo.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, huko Luxembourg, ililigusa jambo hili tarehe 4 Juni 2015 katika kesi iliyoihusu kampuni ya Teekanne ya Ujerumani. Pakiti ya chai ya matunda ilikuwa na picha za rasiberi na maua ya vanila, na maneno kwamba viungo vyake ni vya asili. Ndani hamkuwa na rasiberi wala vanila, wala chochote kilichotokana nazo. Orodha ya viungo iliyochapishwa kwenye pakiti ilikuwa sahihi. Mahakama ilisema orodha sahihi peke yake inaweza isitoshe, pakiti kwa ujumla wake ikiwa inampa mnunuzi picha isiyo ya kweli. Naona majaji wale walifika, kwa njia ya biashara, pale nilipofikishwa na kupe: usahihi wa kilichomo hauwezi kujibu swali la kilichoeleweka, kwa sababu kueleweka kunatokea kwa yule anayetafuta kitu.

Kwa hiyo ningependa pakiti zinazouzwa kwetu, ziwe za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, ziandike habari yenyewe. Sheria ile ya Ulaya tayari inataka anayeandika ladha asilia ya nanasi awe ameitoa angalau asilimia 95 kwenye nanasi; hapa kwetu tungeweza kwenda mbele kidogo, na kwa gharama ya mstari mmoja wa wino: "harufu ya nanasi, imetengenezwa kwa vijidudu na kimeng'enya, haikutoka kwenye tunda." Kazi ya vijidudu hao ni nzuri, ni safi, na haina haja ya kujificha nyuma ya picha ya shamba. Na mwenye kulima mananasi ataweza kuandika kwenye pakiti yake mstari mwingine, ambao mtungi hauwezi kuuandika.